Jumuiya inaanza vizuri kumhudumia mgonjwa wa muda mrefu, halafu inapoa. Tufanyeje?

Mwanajumuiya Pasua
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kwenye jumuiya yetu hapa Moshi kuna baba aliyepata kiharusi. Upande wa kulia umelegea, hawezi kujigeuza. Mwezi wa kwanza nyumba ilijaa watu, michango ikatoka, maombi kila jioni. Huu ni mwezi wa nne, amebaki mama na binti wa darasa la sita. Mahubiri ya upendo tunayasikia kila Jumapili. Ninachoomba ni utaratibu: familia 18 zifanye nini hasa ili zisichoke?

Mzee wa Kanisa, Njoro
Asifiwe sana. Kosa liko mwanzoni: watu wanauchukulia ugonjwa kama msiba. Msiba tunauweza. Turubai, masufuria, rambirambi, tunaanua matanga na kila mtu anarudi kwake. Kiharusi hakina siku ya kuanua matanga.

Soma Zaburi ya 136. Maneno "fadhili zake ni za milele" yamerudiwa mara 26, kila mstari. Na Maombolezo 3 inasema rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Huo ndio upendo tuliopendwa nao, unarudi kila siku, basi na huduma yenu ipimeni kwa siku.

Hesabu ni hii. Jumatatu hadi Jumamosi ni siku sita, kila siku ipewe familia tatu, na kila wiki iende moja tu kati ya hizo tatu. Mgonjwa anapata mtu kila siku, na kila familia inafikiwa na zamu mara moja kwa wiki tatu. Saa mbili zinatosha, mradi ziwe za kazi ngumu: kuogesha, kufua mashuka, kuteka maji. Jumapili abaki naye mtu aliyesali ibada ya kwanza, ili mama aende ya pili. Hilo husahaulika sana, na mama anakaa miezi bila kuonja Meza ya Bwana.

Zamu iandikwe, na kila familia iwe na mbadala wake. Mwenye dharura ampigie mbadala siku moja kabla, asimpigie mama. Mama akianza kutafuta watu mwenyewe, mmemwongezea mzigo. Matendo 6, wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuishia kukemea. Waliagiza wachaguliwe watu saba, wenye kazi hiyo mkononi. Ninyi chagueni hata wawili.

Muuguzi Rau
Mimi naongeza ya kitandani, maana mtu mwenye nia njema anaweza kumuumiza mgonjwa.

Msimvute kwa mkono uliolegea. Misuli ya bega haishiki tena, kiungo kinashuka, na maumivu yake ni ya muda mrefu. Wakati wa kumgeuza, mshike nyuma ya bega na kwenye nyonga. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, na kila mara mtazame juu ya makalio, nyonga na visigino. Kwa ngozi yetu msisubiri wekundu: paguse, kama pana joto au pamekuwa pagumu au peusi kuliko pembeni, kidonda kinaanza. Asipalalie, wala msipasugue.

Chakula ndipo penye hatari kubwa. Wageni huja na mtori, wanamlisha akiwa amelala. Aketi wima kabisa, mtumie kijiko cha chai, mpitishie upande wa mdomo wenye nguvu, ameze ndipo mfuate kingine. Mkimaliza, angalieni shavu lililolegea, chakula hujificha humo. Akae wima nusu saa. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji kooni, acheni na apelekwe hospitali akapimwe umezaji. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Maji humpalia upesi kuliko uji mzito.

Wekeni daftari kando ya kitanda: saa, upande aliolalia, dawa ya presha aliyomeza.

Mwanajumuiya Pasua
Asanteni sana. Wengine wanasema baba amekuwa mkali, hashukuru, ndiyo maana wameacha.

Mwinjilisti
Kiharusi chenyewe kinaweza kuleta hasira na kilio cha ghafla. Waelezeni watu hivyo kabla ya zamu ya kwanza. Na shukrani isiwe sharti: Warumi 5:8 inasema Kristo alitufia tulipokuwa tungali wenye dhambi, kabla hatujasema asante.

Ila msimsahau binti. Asipangiwe kugeuza usiku. Mtu wa zamu ya jioni afike saa kumi na moja, akae na mgonjwa, binti apate saa moja na nusu ya madaftari yake mezani, kwenye chumba kingine.