Je, wakili anaweza kujenga kazi yake Uganda kwa kuwatetea walioumia ubongo?

Swali, kutoka kwa wakili mpya, Mbale

Mawakili wenzangu na ndugu wengine mlio humu, nawasalimu. Nimemaliza mafunzo ya uwakili LDC, chuo cha kuandaa mawakili kilichoko Kampala, na sasa niko katika ofisi ndogo hapa Mbale. Kesi zilizonigusa kuliko zote ni za watu walioumia ubongo, wengi wao wakiwa waendesha boda boda na abiria wao. Nasikia kwamba Marekani wapo mawakili ambao wamefanya kesi za namna hii tu maisha yao yote ya kazi, wakajulikana kwazo na wakaishi vizuri. Naomba waliotangulia wanieleze kama njia hiyo ipo kwetu, na kama ipo, mtu aanzie wapi. Mwajiri wangu anasisitiza nishike kesi za ardhi na mirathi, kwa kuwa huko ndiko kwenye fedha.

Jibu la kwanza, kutoka kwa wakili wa siku nyingi, Kampala

Ndugu yangu, mwajiri wako hakukudanganya, ila hakukueleza sababu. Huko Marekani wakili wa majeraha kwa kawaida halipwi chochote mwanzoni, bali huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi moja, na ndiyo maana anaweza kumbeba mteja maskini kwa miaka kadhaa huku akiwalipa madaktari mashahidi kutoka mfukoni mwake. Kwetu kanuni za mwenendo wa mawakili zinakukataza kukubaliana na mteja mgawane kitakachopatikana, iwe kwa asilimia au kwa namna nyingine, na hata kumtangulizia gharama za kesi ili baadaye ulipwe kwa mgawo huo hairuhusiwi. Kwa hiyo anayekulipa ni familia ambayo imekwisha kuuza kiwanja ili kulipia hospitali. Mimi kesi hizi nimezifanya miaka yote, lakini kodi ya ofisi imelipwa na mikataba na mirathi, wala sioni aibu kulisema hilo.

Jambo la pili ni kujua fedha ziko wapi kabla hujaandika hati ya madai. Sheria ya bima ya magari ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni moja kwa mtu mmoja aliyeumia, kiasi ambacho hakimfikishi popote mtu anayehitaji kuangaliwa mchana na usiku. Mtafute mwenye gari, na kama dereva alikuwa kazini, mtafute aliyemwajiri, kwa sababu mwajiri hubeba kosa la mtumishi wake. Tena uliza kila mara kama mteja mwenyewe aliumia akiwa kazini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haidai uthibitishe uzembe wa mtu yeyote, na aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi anastahili mapato ya miezi 60. Nimewaona mawakili hodari wakihangaika na uzembe miaka minne wakati mlango huu ulikuwa wazi.

Kuhusu kiasi cha fidia, soma hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Robert Coussens dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Ingawa pale mdai alipigwa risasi akapooza, wala hakuumia ubongo, utajifunza jinsi mapato yaliyopotea yanavyokokotolewa kwa mwaka na kuzidishwa kwa idadi ya miaka, badala ya kumwomba jaji akisie. Kisha soma kesi ya Uingereza ya Lim Poh Choo, daktari aliyeharibika ubongo baada ya upasuaji mdogo mwaka 1973. Utaona ugumu wa fidia inayotolewa mara moja tu, ilhali hakuna ajuaye mgonjwa ataishi miaka mingapi. Mteja wa namna hiyo usimpeleke kwa Hakimu Mkuu, ambaye uwezo wake unaishia shilingi milioni 50. Nenda Mahakama Kuu.

Jibu la pili, kutoka kwa muuguzi wa wodi ya majeruhi

Naongeza la upande wetu. Mgonjwa anapofikishwa tunampima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kinachoanzia 3 hadi 15, na alama 8 au pungufu huhesabiwa kuwa jeraha kali. Omba nakala ya faili mapema, kabla halijapotea, uangalie alama hiyo iliandikwa saa ngapi na kama mgonjwa alikuwa amekunywa pombe au amepewa dawa ya usingizi, maana wakili wa upande wa pili ataliuliza hilo kwanza. Na tafadhali usikate tamaa ukiona picha ya CT, ile ya mashine inayopiga picha ndani ya kichwa, ni safi. Kichwa kinapotikiswa kwa nguvu, nyuzi za ndani ya ubongo huweza kunyooshwa na kukatika bila damu kuonekana, na mtu huyo akatoka wodini akitembea mwenyewe.

Jibu la tatu, kutoka kwa dada wa mgonjwa, Jinja

Mimi si mwanasheria. Kaka yangu alikuwa mtu wa boda boda aliyezijua njia zote za panya za mji huu, na leo hupotea kati ya stegi, yaani kituo cha boda boda, na nyumbani. Siku ya kesi alivaa shati zuri, jaji akamuuliza hali yake, naye akajibu kwa heshima kwamba hajambo na anamshukuru Mungu. Wakili wetu aliishia hapo, hakutuuliza sisi wa nyumbani neno lolote. Hakuna aliyesikia kwamba kaka huinjika maji ya chai akayasahau hadi sufuria liungue, kwamba huwapigia watoto kelele na baada ya saa moja hakumbuki, wala kwamba mkewe ameacha kuuza sokoni ili abaki naye. Wifi aliyaandika hayo yote, kwa tarehe, katika daftari la shule, na daftari hilo halikufunguliwa. Wakili, ukitaka kazi hii, njoo nyumbani jioni, mgonjwa akiwa amechoka.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana, nanyi dada poleni. Nina swali moja kwa mzee wetu: mteja wangu aliumia miaka miwili na nusu iliyopita, na familia inasema sheria humsubiri mtu asiye na akili timamu. Je, ni kweli?

Wakili wa siku nyingi

Ni kweli kwamba muda husimama kwa mtu wa aina hiyo, lakini usiutegemee msamaha huo hata kidogo, kwa sababu mteja anayejua jina lake na kupanda taksi peke yake anaweza kuhesabiwa kuwa timamu, na hapo umempotezea haki. Madai ya majeraha ya mwili yana miaka mitatu. Dhidi ya serikali ni miwili tu, nayo kwako imekwisha kupita. Kama mdaiwa si serikali, fungua kesi mwezi huu, na ikiwa mteja hawezi kutoa maagizo mwenyewe, ifunguliwe kwa jina lake kupitia rafiki wa karibu, yaani ndugu anayesimama mahakamani kwa niaba yake, nawe upate ridhaa ya maandishi ya ndugu huyo pamoja na barua ya daktari kabla ya kuiwasilisha.