Naomba ushauri: namna ya kumfuatilia babu yetu aliyekuja na askari wa Wissmann mwaka 1889

Kilembwe_Kilosa

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Mzee aliyeanzisha ukoo wetu aliitwa Murjani. Mimi ni kilembwe chake. Nyumbani tunaambiwa alikuwa Mnubi, yaani askari wa Kisudani, alikuja kwa meli pamoja na mkewe, akapigana chini ya Wissmann, kamanda wa Mjerumani, dhidi ya Abushiri, akapanda hadi cheo cha shaushi, kisha akapewa kiwanja Kilosa na kufia hapo. Baba mdogo huongeza kwamba alinusurika Lugalo, Mkwawa alipolimaliza jeshi la Mjerumani chini ya Zelewski. Kila Idi hadithi inarefuka kidogo.

Ushahidi wa mkononi ni karatasi moja ya Kijerumani iliyo kwa shangazi. Nusu imeliwa na mchwa. Neno pekee tunalolisoma ni "Morgan", na tangu utoto tunaambiwa huyo ndiye Mzungu aliyekuwa bosi wake.

Nilienda ofisi moja kuulizia hati ya kile kiwanja, nikajibiwa kwa kicheko kwamba Mjerumani aliondoka na makaratasi yake. Je, ni kweli? Na huko Ujerumani kuna faili la kila askari?

ChumaChaPua

Mkuu, anzia Mwanza. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliwalipa maaskari wazee wa Mjerumani malimbikizo ya mishahara yao. Inasimuliwa kwamba wasiokuwa na vyeti walipewa fagio washike kama bunduki, wakaamrishwa gwaride kwa Kijerumani. Aliyejua, alilipwa. Tafuta majina ya waliolipwa.

Mtunza_Majalada

Chuma, hiyo ni hadithi tamu lakini haimhusu babu huyu. Malipo ya 1964 yalikuwa ya waliopigana vita ya 1914 hadi 1918 na bado wako hai. Mtu aliyekuwa na mke mwaka 1889, mwaka 1964 angekuwa na umri wa Nuhu.

Kilembwe, usitegemee faili lake binafsi. Ghala kuu la nyaraka za jeshi lilikuwa Potsdam, na liliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Kilichosalia ni majalada ya wizara ya makoloni, yapo Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, mjini Berlin kwa alama R 1001, na mengi unaweza kuyafungua bure kwenye intaneti. Mle utakuta bajeti, ripoti za mapigano, barua za kuajiri. Ofisa wa Kizungu anatajwa kwa jina. Askari mara nyingi ni tarakimu tu, "wamekufa kumi".

Huyo aliyekucheka amekosea. Mwaka 1916 Wajerumani wakirudi nyuma walifukia majalada ardhini sehemu mbalimbali, na Waingereza wakaja kufukua sehemu yake. Yaliyopona yako Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Orodha yake ya Kijerumani ilitayarishwa miaka ya 1970. Nenda na barua ya utambulisho, omba orodha hiyo, tafuta yanayohusu Kilosa na ardhi. Mtu akiwa askari anaandikwa kwa idadi. Akimiliki kiwanja anaandikwa kwa jina. Mimi ningeanza na kiwanja, jeshi lingefuata baadaye.

Binti_Usagara

Kabla hujapanda basi, hakikisha ni Mnubi wa nani. Wako waliokuja kwa njia mbili na watu huwachanganya. Wissmann aliajiri mamia ya Wasudani huko Misri mapema 1889, wengi wao askari waliokosa kazi katika jeshi la Misri, wakaletwa pwani kwa meli na wengine wakiwa na familia zao. Wengine ni wale wa Emin Pasha, gavana wa Misri huko kusini mwa Sudani: sehemu walitembea kwa miguu na msafiri Stanley hadi Bagamoyo, wakafika Desemba 1889, na sehemu walibaki nyuma hadi Lugard, ofisa wa Kiingereza, alipowachukua kuwapeleka Uganda mwaka 1891. "Alikuja kwa meli na mkewe" inaelekea kwa Wissmann. Angekuwa wa Emin, nyumbani mngesimuliwa kuhusu kutembea, si meli.

Shaushi nayo inakubaliana. Vyeo vile walivitoa Misri: ombasha, shaushi, betshaush, sol, efendi. Shaushi ni kama sajini.

Ila Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891... kaka, kama kila babu anayesemekana kunusurika pale angenusurika kweli, Mkwawa asingekuwa ameshinda. Iweke pembeni mpaka upate karatasi.

Bi_Mkubwa_Bagamoyo

Wanangu mnakimbilia Berlin, shangazi yupo hapo hapo. Mwulizeni huyo mke wa melini aliitwa nani. Akishaoa mwingine Uluguru au Usagara, watoto ni wa mama yupi? Wanawake ndio wanaojua nani alinyonya pamoja na nani. Na mwulize taratibu, usimwekee simu ya kurekodi usoni siku ya kwanza.

Jambo jingine ulishike kwa adabu. Murjani, Almasi, Rehani, Farajallah, haya ni majina waliyopewa watu wengi waliopitia utumwani, na jeshi la Misri lilijaa watu hao. Ukikuta "bin Abdallah" usidhani umempata baba yake mzazi. Wengine waliandikiwa hivyo kwa sababu baba hakujulikana. Wazee wakikunyamazia hapo, huenda sababu ni hiyo.

Mtunza_Majalada

Bi Mkubwa amesema. Na mfano upo Dar. Sykes Mbuwane aliletwa na Wissmann kutoka Msumbiji. Mwanawe Kleist, mmoja wa waasisi wa African Association ya 1929, aliandika habari za maisha yake kabla ya kufariki 1949, na mjukuu wake Daisy akazitumia kuandika sura katika kitabu cha mwaka 1973. Tunamfahamu yule askari kwa sababu watoto wake waliandika.

Mwalimu_wa_Kijerumani

Nimechelewa. Kilembwe, huyo "Morgan" ulimhakikisha vipi kuwa Mzungu?

Wamisri wengi hutamka J kama G, kwa hiyo Murjan kwao ni Murgan. Karani wa Kijerumani akisikia hivyo anaandika alivyosikia. Ndivyo Faraj anavyogeuka Farag au Feradj, na Juma anakuwa Djuma au Dschuma. Ukitafuta "Murjani" kwenye majalada utatoka mikono mitupu. Andika Morgan, Murgan, Mordjan, Murdschan, zote.

Kilembwe_Kilosa

Nimeisoma hii mara tatu. Nimempigia shangazi sasa hivi, amenyamaza kwanza, halafu akasema: "Kwa hiyo miaka yote tulikuwa tunamwita babu yetu bosi wake?"

Anasema kabla ya Morgan kuna neno fupi linaloanzia na herufi kama S au Sch, na chini kuna namba. Na jina la bibi wa melini analo, ila atanitajia nikienda mwenyewe. Ijumaa naondoka. Hiyo karatasi niipigeje picha isivunjike?

Mwalimu_wa_Kijerumani

Usiikunjue zaidi ya ilivyo, na usiipige pasi wala gundi. Ilaze kwenye kitambaa cheupe karibu na dirisha, piga bila flashi, mbele na nyuma, kisha piga kipande kwa kipande kwa karibu. Zitume hapa, mwandiko wa zamani ninausoma.