Unga wa D-76 au Rodinal ya chupa?

kijana_langoni: Asalaam aleikum wakuu. Ami yangu anapanda basi la Lamu kesho kutoka Nairobi, nataka aniletee dawa ya kusafishia filamu. Hii D-76 yangu inatia madoa. Alete ileile au Rodinal? Nijibuni kabla ya Isha.

mama_studio: Waaleikum salaam. Madoa gani, mwanangu? Filamu gani? Maji ya wapi? Hujasema kitu.

jahazi77: Rodinal, bila mjadala. Chupa yakaa miaka hata ukishaifungua. D-76 ukishaikoroga, miezi 6 chupa ikijaa pomoni. Ikifika nusu, miezi 2.

mama_studio: Na zile chembe zake kwenye filamu kama HP5 umemwambia? Picha itakuwa mchanga wa Shela mtupu.

kijana_langoni: Ni HP5. Dawa moja maji moja, dakika 11. Joto sijapima. Maji ya kisima cha nyumbani. Madoa ni viduara, nikiinamisha filamu kwenye taa vinang'aa upande wa mgongo, ule usio na picha.

mama_studio: Dakika 11 ni za nyuzi 20! Maji yako mchana hayashuki mpaka huko hata kwa dua.

kisima_malindi: Upande wa mgongo? Basi dawa haina kosa, hiyo ni chumvi. Yalinikuta. Nilisafisha mikanda mitatu ya arusi ya binamu yangu, nikasuuza kwa maji ya kisima, nikaitundika bafuni nikalala. Asubuhi kila tone limeacha duara, katikati unga mweupe. Nikashika ncha ya kanga nikafuta. Ile chumvi ikakwaruza kama msasa. Bibi arusi ana mistari shavuni mpaka leo, na shangazi hanisemeshi. Usifute! Loweka tena, suuza ya mwisho kwa maji ya betri. Yale maji matupu, si asidi.

jahazi77: Maji ya betri ya nini, na Shela kuna maji matamu?

mtu_wa_pate: Matamu kwa chai. Sisi twateka jabia, maji ya mvua hayana chumvi.

jahazi77: Yana viluwiluwi.

mtu_wa_pate: Chuja kwa leso, sheikh. Babu zetu wamekunywa hayo.

kijana_langoni: Ami yuko dukani sasa hivi, anauliza: pakiti au chupa?

jahazi77: Chupa.

mama_studio: Kipimajoto.