Magoti yanasagana: nirudi kwenye diklofenaki au niendelee na chupa ya "mitishamba"?

Fundi wa Ngamiani
Habari za jioni wapendwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, miaka 53, nakanyaga mashine ya miguu tangu usichana wangu. Mwaka juzi goti la kulia lilianza kulia nikipanda ngazi, la kushoto likafuata. Ikafika mahali hata swala naswali kwenye kiti. Hospitali wakapiga eksirei, daktari akanionyesha nafasi kati ya mifupa, upande wa ndani imebaki nyembamba kama uzi. Akasema gegedu limelika, akaniandikia diklofenaki, dawa za maumivu, za wiki mbili.

Kosa langu ni hapa: zilipoisha nikawa najinunulia mwenyewe, mwaka mzima. Maumivu yalipoa, lakini tumbo likawa linawaka moto, na presha ambayo sikuwa nayo ikapanda hadi 160 kwa 95. Nikaziacha. Nikahamia tangawizi na manjano, nachemsha na pilipili manga, na usiku najichua mafuta ya nyonyo. Nisiseme uongo, usingizi nilipata, ila mchana kazini goti ni lile lile.

Miezi miwili iliyopita jirani akaniletea chupa ya vidonge, eti miti shamba tupu, haina kemikali. Siku ya tatu nilishuka kitandani kama msichana. Nilisujudu! Lakini sasa wateja wananiambia nimenawiri uso. Nimejipima kwa futi yangu mwenyewe: kiuno kimeongezeka inchi mbili, mikono haijaongezeka hata nusu. Na usiku naamka kwenda haja ndogo mara nne. Vimebaki vidonge kumi na moja. Ninunue chupa nyingine?

Kaunta
Mama, shikamoo. Mwaka wa tisa huu nauza dawa famasi, na hizo siku tatu ndizo zilizonishtua. Mizizi na majani hayana haraka hiyo. Uso kujaa, kiuno kupanuka huku mikono ikibaki vile vile, mkojo wa usiku: nawaza steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, kama deksamethasoni au prednisoloni, imesagwa humo bila kuandikwa. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama dawa asilia ya viungo. Maabara ilikuta deksamethasoni na diklofenaki ndani yake, na lebo haikutaja hata moja. Chupa yako siijui, lakini inawezekana uliikimbia diklofenaki ukaenda kuimeza ikiwa imevaa baibui.

Sasa sikiliza sana: usikate ghafla. Miezi miwili ya steroidi inaweza kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, na ukiacha kwa mara moja unaweza kuishiwa nguvu ukaanguka. Kesho asubuhi beba chupa hiyo na hivyo vidonge kumi na moja, upimwe sukari, presha na figo. Daktari ndiye atakayekushusha taratibu.

Na muulize kuhusu diklofenaki ya kupaka. Kwa goti inasaidia wengi, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana kuliko ya kumeza.

Mzee wa Lindi
Msizitukane dawa za wazee. Dole gumba langu la mguu liliwaka usiku mmoja, hata shuka silitaki liniguse. Nikanywa mizizi niliyochemshiwa, siku ya nane nikavaa kiatu. Tangu hapo limerudi mara tatu tu, na kila mara mizizi inaliondoa.

Kaunta
Shikamoo mzee wangu. Hilo linanuka jongo, na jongo huja likaondoka lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, hata ukinywa maji ya kisima. Kapime kwenye damu asidi ya yuriki, ndiyo inayoleta jongo, maana mizizi inapewa sifa isiyo yake. Na nyama choma ipunguze kidogo, ingawa najua hutanisikiliza.

Mama Likoni
Pole mwenzangu. Yangu si ya kulika, ni baridi yabisi ya vidole. Asubuhi vilikuwa vinakakamaa zaidi ya saa nzima, hata kifungo cha blauzi nafungwa na mwanangu. Miaka miwili nilizunguka na habasoda, asali na kombe. Habasoda haikunidhuru. Kilichonidhuru ni ile miaka miwili, kwa sababu ugonjwa huu unakula kiungo huku wewe ukisubiri. Vidole viwili vimepinda na havitanyooka tena. Sasa nameza methotreksati, dawa ya kuuzuia ugonjwa wenyewe, mara moja kwa wiki, kila Ijumaa (si kila siku, kila siku inaua), pamoja na foliki asidi, na damu napimwa. Habasoda naila bado, kwenye mkate.

Fundi wa Ngamiani
Nimerudi. Sukari ilikuwa 14.2, juu mno. Daktari alivikagua vidonge, akatikisa kichwa, chupa akabaki nayo. Amenipa prednisoloni ya kushuka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na ya kupaka kwa magoti. Wiki ya kwanza maumivu yalirudi yote, nililia.

Mtu wa mazoezi ya viungo kanifundisha kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu, kuhesabu hadi tano, kushusha. Nafanya kila nikimaliza pindo moja. Kasema kilo moja nikiipunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kila hatua. Na cherehani nimeifunga mota, mguu unagusa tu. Hilo nilipaswa kulifanya miaka kumi iliyopita! Manjano daktari hakunikataza, kasema tu nimwambie nikija kuanzishiwa dawa za kuyeyusha damu.

Kusujudu bado. Jirani amenuna, anasema nimemharibia biashara. Nimemshonea dera bure, bado amenuna.