Kinyozi wa Mwanga hapa Kigoma kanizungusha kwenye kiti mbele ya watu, mpaka sasa natetemeka

Wakuu heshima kwenu. Nimetoka saluni sasa hivi, hata nusu saa haijaisha, naandika nimesimama chini ya mwembe njia ya Ujiji na nywele zimenyolewa upande mmoja. Simtaji, mnamjua wote, yule mwenye kiti chekundu kinacholia kama mlango wa meli na redio haizimwi hata kukiwa na msiba.

Nina miaka 27. Mashavuni hakuna kitu, kidevuni vinywele vichache, najua, kioo ninacho. Miezi 8 nasoma habari za kupandikiza ndevu, sijakurupuka. Wanakupiga ganzi, wanatoa mizizi ya nywele kisogoni mmoja mmoja wanakuja kuichomeka kidevuni na mashavuni, mizizi 2000 na zaidi kama unataka zijae, unalala mezani karibu siku nzima, watu wanapanda ndege mpaka Istanbul kwa ajili hiyo. Sasa nani anakijua kisogo changu kuliko anayekinyoa kila wiki 2? Nikamuuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, kaka hivi nywele zangu za nyuma zinatosha kuhamishwa?

Akazima mashine. Akazima na REDIO. Halafu akakizungusha kiti, mimi na taulo shingoni, nikatazamana na benchi zima, watu 9, akaniinamisha kichwa akakigonga kisogo na kitana, ko ko ko, akasema "jamani shamba la mbegu hili hapa, huyu anataka tuhamishe mazao." Dogo wa sekondari akapaliwa na juisi. Mzee mwenye ndevu mpaka kifuani akazishika zake kama anaogopa nitamwibia.

Nilipoinuka akanirudishia chenji, eti leo bei ya mtoto. Hiyo ningeimeza. Lakini kunizungusha! Angesema zinatosha au hazitoshi, neno moja tu. Yeye akazungusha kiti.

mgebuka_mkavu: Siti ya mbele kabisa. Picha ya kisogo iko wapi mkuu, tukuhesabie?

Mwana wa Gungu: Siri unampa kinyozi? Si bora ungekodi bajaji yenye spika ikazunguka soko la Mwanga.

Mleta uzi: Hujanielewa mkuu. ALIKIZUNGUSHA KITI. Angecheka kiti kimetulia ningevumilia.

Mama Wawili Kasulu: Mdogo wangu waache wacheke, mimi kazi yangu ni hospitali. Kwanza angalia kovu la chanjo begani, kama lilivimba likawa gumu linang'aa basi achana na hiyo kitu, ngozi zetu weusi zinaota sana makovu ya hivyo na yakija usoni huna pa kuyaficha. Pili, nywele za kipilipili mzizi wake umejikunja humo ndani ya ngozi, daktari ambaye hajazizoea anaukata wakati anautoa na mbegu ndiyo imekufa. Na zikipukutika wiki ya 2 au ya 3 usije ukalia, ndivyo zilivyo, zinaanza kurudi mwezi wa 3 au wa 4, mpaka mwaka uishe ndiyo utajua umepata nini.

Mleta uzi: Asante sana dada. Kovu langu limelala bapa. Mmeona watu wanavyojibu? Hakuna aliyezungushwa hapo.

Kibirizi Original: Paka minoksidili wewe, ile ilikuwa dawa ya presha, wagonjwa wakashangaa wanaota nywele. Mimi mwezi wa 5 huu masharubu yanakuja. Ila kama una paka nyumbani mweke mbali, ni sumu kwake.

mgebuka_mkavu: Kwa hiyo achague, ndevu au paka 😂

Chifu wa Bangwe: Huyo huyo kinyozi kanikata sikio Jumamosi akaniambia nimetingishika. Akanipulizia spiriti hapohapo, niliona babu zangu wote.

Dada wa Katubuka: Sikio linapona. Mimi fundi cherehani kanishonea gauni la sendoff mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, kaniambia ndiyo fasheni, na sendoff ilikuwa jioni ileile!!

Mleta uzi: Jamani uzi unahusu kiti.

Chifu wa Bangwe: Fundi yupi huyo, wa karibu na stesheni? Kala kitambaa cha mke wangu mita 2.

Dada wa Katubuka: HUYOHUYO!

Mwana wa Gungu: Afadhali nyie. Mimi nimepeleka dagaa Dar kwa wakwe, ndoo nzima, nusu mchanga. Mama mkwe kapiga simu kaniuliza, mwanangu huko Kigoma mnavua au mnachimba?

Kibirizi Original: Ulinunua kwa nani? Dagaa wa kwenye chanja hawana mchanga, ulipewa wa kuanikwa chini.

Mwana wa Gungu: Kaniapia kabisa ni wa chanja. Mama mmoja mnene, ana mwavuli wa bluu.

mgebuka_mkavu: Mwavuli wa bluu! Namdai mimi yule.