Kuchi wangu wanapungua umbo kila kizazi: naomba ushauri wa kurudisha mbegu

Mfugaji wa Nzega

Habari za majukumu, wafugaji wenzangu. Ninafuga kuchi, aina ya kuku wa kienyeji wenye umbo kubwa, hapa Nzega, mkoani Tabora, kwa mtindo wa huria: asubuhi wanafunguliwa na kwenda kuchakura kuzunguka boma na chini ya miembe, na jioni wanapewa pumba kidogo kabla ya kuingia bandani. Nilianza na kuku warefu hasa, wenye miguu minene, kifua chenye manyoya machache na kilemba kidogo kilicholala juu ya kichwa. Majogoo wao walikaribia kilo tatu bila kulishwa chakula cha kununua. Vijana wanaokua sasa wana shingo na rangi ya kuchi, lakini ukiwashika mwili ni wa kuku wa kawaida. Hawaugui hovyo, na chanjo ya mdondo (ugonjwa wa Newcastle) wanapata kwa wakati.

Jirani ananishauri nilete jogoo wa Kuroiler au Sasso, kuku chotara wa kisasa, ili nipate uzito haraka, lakini moyo unasita, kwa sababu wateja wangu huulizia kuchi kwa jina na hulipa zaidi kwa ajili hiyo. Nina majogoo watatu wanaopigana hadi kujeruhiana macho. Wanunuzi nao hufika kila siku ya mnada na kuchagua wenyewe kuku wanaowataka. Naomba mnielekeze nianzie wapi.

Mzee wa Iramba

Kijana wangu, kiini cha tatizo umekitaja mwenyewe hapo mwisho. Mnunuzi anayeruhusiwa kuchagua ataondoka na jogoo mkubwa kuliko wote na mtetea mnene kuliko wote, na wale aliowakataa ndio watakaokuwa wazazi wa kizazi kinachofuata. Ukirudia hivyo mnada baada ya mnada, unakuwa unafanya uchaguzi wa mbegu kila wiki, ila unauelekeza kwenye udogo.

Uzito wa mwili hurithiwa vizuri zaidi kuliko idadi ya mayai, kwa hiyo mbegu yako inaweza kurudi usipokuwa na haraka. Vijana wakifikisha miezi minne au mitano, wapime kwa mizani, tena walinganishe na wenzao walioanguliwa msimu huo huo, kwa maana kifaranga aliyekulia wakati wa mvua, wadudu na majani vikiwa tele, humzidi wa kiangazi hata kama damu ni moja. Waliofanya vizuri wafunge kitambaa cha rangi mguuni, na watu wote wa nyumbani wajue kwamba mwenye kitambaa hauzwi wala hachinjwi, awe mgeni amefika au ada ya shule inadaiwa. Usitazame jogoo peke yake. Wafugaji wengi husumbuka na jogoo wakasahau kwamba nusu ya urithi wa kifaranga hutoka kwa mama. Mshike kuku mkononi, upapase mfupa wa kifua kama umenyooka, umsimamishe uone kama magoti yanaelekeana au yamenyooka. Kuchi mzito mwenye miguu iliyopinda hatadumu katika maisha ya kutembea kutwa.

Afisa Ugani Mstaafu

Naungana na mzee, na nitaongeza suala la majogoo ya majirani. Katika ufugaji huria jogoo mdogo mwepesi humtangulia kuchi kwa mitetea, kwa kuwa ana kasi na hachoki. Ukishawachagua mitetea wako bora, watengee uzio pamoja na jogoo mmoja, wasizidi wanane kwa jogoo mzito wa aina hiyo. Kumbuka pia kwamba mtetea huhifadhi mbegu za jogoo wa awali mwilini kwa majuma mawili, na pengine matatu. Mayai ya kipindi hicho kuleni au uzeni, kisha ndipo uanze kukusanya ya kuangulisha. Baada ya hapo wanaweza kurudi kuchakura nje.

Ugomvi ni tabia ya damu yao. Watafiti waliochunguza vinasaba vya kuku wa Tanzania wamekuta kuchi wana undugu wa upande wa mama na kuku wa kupigana wa Japani wanaoitwa shamo, kwa hiyo usitegemee majogoo watatu wakomavu wazoeane. Bakiza mmoja kundini, wa akiba akae banda lake mahali wasipoonana, na wa tatu mtoe.

Jogoo usimwache apande mabinti zake. Kila baada ya mwaka mmoja hivi, badilishana na mfugaji wa kuchi wa wilaya nyingine, na mgeni akae peke yake majuma mawili au zaidi, akiwa amechanjwa, kabla hajachanganywa. Mdondo mara nyingi huingia bomani kwa kuku aliyenunuliwa mnadani. Chanjo ya I-2 ni tone moja la jicho kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kila miezi mitatu, na ni kinga tu: haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

Mama Vifaranga

Kaka wa Nzega, mbegu ni sawa, lakini hujatueleza vifaranga wako wanakula nini. Kuchi ana mifupa mirefu ya kujenga, na akishindia pumba tupu katika miezi miwili ya mwanzo, hata angekuwa mtoto wa jogoo wa kilo nne atadumaa, nawe utamwona kama amerithi udogo. Mimi huweka chakula chini ya tenga lenye matundu ambayo kifaranga anapenya na mama hapenyi: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, na maji safi kando. Kwa kuongezea, fukia chungu kilichofunikwa juu ya samadi na mabua yenye unyevu karibu na kichuguu. Asubuhi ukikifunua utakuta mchwa wamejaa, na vifaranga watawagombania. Mwewe nao huwaonea zaidi wa umri huo, kwa hiyo wasiachiwe mbali na vichaka.

Msafiri wa Kibaha

Kwa heshima ya waliotangulia, sioni ubaya wa Kuroiler ikiwa lengo ni nyama. Nina chotara wanaofikisha uzito mzuri mapema.

Afisa Ugani Mstaafu

Ni kweli kabisa kwa kizazi cha kwanza, na anayetaka kuku wa kuuza tu anaweza kufanya hivyo kwa mitetea waliobaki nje ya uzio. Ila chotara hao wasirudishwe kuwa wazazi, kwa sababu watoto wao hutofautiana mno kwa umbo, na moyo wa kuatamia, ambao mfugaji huria anautegemea, hupungua.

Mfugaji wa Nzega

Shikamoo mzee wangu, na ninawashukuru wote. Kuanzia mnada ujao wanunuzi watachagua kutoka kwa wasio na kitambaa tu. Limebaki swali moja: mitetea wangu wakubwa huvunja mayai wanapoatamia. Je, nifanyeje ili mayai ya waliochaguliwa yasipotee?

Mzee wa Iramba

Marahaba. Mayai ya kuchi mpe mtetea mdogo mwepesi wa kienyeji, mwenye sifa ya kuatamia vizuri, na usimwekee zaidi ya kumi, kwa kuwa yanamzidi mwili. Yakusanye kila siku, uyaweke mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikielekea chini, na yasipitishe siku kumi kabla ya kuatamiwa. Kila yai lipigie alama ya penseli, kwa sababu mitetea wengine watakuja kutagia humo humo, na baada ya siku ishirini na moja hutajua kifaranga ni wa nani.