Tupeane uzoefu: ulielewaje kujumlisha vekta za uhamisho?

Mwanzisha mada
Habari za jioni wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu na wiki hii tumeingia kwenye vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo. Ukiwaambia mtu ametembea kilomita 3 mashariki kisha 4 kaskazini, darasa zima linaitikia: 7! Kwa umbali aliotembea, wako sahihi. Lakini uhamisho, yaani mstari ulionyooka kutoka alipoanzia hadi alipo sasa, pamoja na mwelekeo wake, ni kilomita 5.

Mimi huwatoa nje hadi uwanja wa paredi. Mmoja anashika mwanzo wa futikamba, mwenzake anakwenda mita 6 mashariki, anakata kona, anapanda mita 8 kaskazini. Tukiinyoosha futikamba moja kwa moja kati yao, inasoma mita 10. Wakishaiona hiyo 10 kwa macho yao, ubishi unakwisha. Nyie mlielewaje, au mnafundishaje?

Mchangiaji, Moshi
Mimi nilisaidiwa na ramani. Basi la kutoka Dar kuja huku linaelekea kwanza magharibi hadi Chalinze, ndipo linapinda kwenda kaskazini: Segera, Korogwe, Same. Barabarani ni zaidi ya kilomita 500. Weka rula juu ya ramani kutoka Dar hadi Moshi, utapata kama 440. Kila kipande cha safari ni mshale, na mkia wa mshale unaofuata unaanzia kwenye ncha ya uliotangulia. Ukigeuza ukarudi Dar, uhamisho wa safari nzima ni sifuri, ingawa gari limekula zaidi ya kilomita 1,000.

Mchangiaji, Mombasa
Mwalimu, hongera kwa hilo la uwanjani. Ila kwa uzoefu wangu wa kusahihisha, urefu wengi huupata, alama wanazimwaga kwenye pembe. Kwa huo mfano wako wa 3 na 4, kikokotoo kinatoa nyuzi 53, nao wanaandika 53 na kufunga daftari. Nyuzi 53 kutoka wapi? Hizo ni kutoka mashariki kuelekea kaskazini. Swali likitaka uelekeo unaopimwa kutoka kaskazini kwa kufuata saa, jibu ni 037. Nawalazimisha wachore alama ya kaskazini kwenye kila nukta kabla ya kugusa kikokotoo.

Jambo jingine, usikae sana kwenye pembe mraba. Wape kilomita 5 mashariki, halafu 5 nyingine nyuzi 60 kaskazini ya mashariki. Mshale wa pili unauvunja: 2.5 kwenda mashariki, 4.33 kwenda kaskazini. Mashariki jumla 7.5, kaskazini 4.33, tokeo, yaani uhamisho wa jumla, ni 8.66 kwa nyuzi 30 kutoka mashariki kuelekea kaskazini. Wachore pia kwa skeli, sentimita 1 kwa kilomita 1, walinganishe. Mchoro ukikataa, hesabu ina kasoro mahali.

Mpima ardhi, Morogoro
Wakuu, hii mada ndiyo mkate wangu. Tukipima shamba tunaanza kwenye jiwe moja, tunazunguka mipaka yote, tunarudi pale pale. Kila upande unavunjwa kuwa kiasi cha kaskazini na kiasi cha mashariki. Kusini na magharibi vinaandikwa kwa alama ya kutoa. Ukijumlisha safu zote mbili lazima upate sifuri, maana umerudi ulipoanzia. Sifuri kamili haipatikani, vipimo havikosi hitilafu. Tuseme zimebaki sentimita 6 kaskazini na 8 mashariki: hitilafu ni sentimita 10. Kwa mzunguko wa mita 1,000 hiyo ni moja kwa 10,000. Ikibaki mita nzima, tunarudi porini kupima upya. Shamba la mtu si la kukisia, mipaka ikikosewa majirani wanafikishana barazani.

Mchangiaji, Bagamoyo
Na baharini je? Unguja mjini iko kaskazini mashariki ya kwetu, lakini huku pwani mkondo unasukuma kuelekea kaskazini, na kusi ikishika unazidi nguvu. Chombo kikielekezwa moja kwa moja mjini, kinafika kaskazini ya mji. Nahodha anaelekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kusini kidogo ya mji, mkondo unamalizia.

Mwanzisha mada
Mpima ardhi, hiyo ya kuzunguka na kurudi kwenye sifuri nimeipenda mno. Nawapeleka wakazunguke jengo la maabara, pembe zote nne, kila kundi na jedwali lake. Naomba unieleze safu za jedwali lenu mnavyozipanga, maana hapo ndipo watakapokwama.